Vitofali Kumi Elfu na Saba

Kwangu mzigo hauna mkia. Waulize watu wa Temeke, waulize madereva wa malori, waulize hata wale wanaonichukia. Mie nafyatua tofali tangu viganja vyangu havijaota sugu, na tangu nijitegemee sijawahi kumwonyesha mteja mzigo wenye vipande vilivyobaki pembeni kama makombo ya ugali. Napanga safu, kila safu idadi sawa na mwenzake. Mteja anahesabu safu moja, anahesabu safu ziko ngapi, anazidisha, kwisha. Hakuna kushuku, hakuna kurudia. Ukiona mzigo una vitatu vinne vimejikunyata pembeni, ujue hapo si kwangu.

Shule nilikaa miaka miwili. Wa tatu niliuanza Jumatatu nikaumaliza Jumatano. Hesabu nilizonazo nimeziokota kwenye mchanga na saruji, na simwombi mtu radhi. Wapo wenye vyeti vinne ukutani, ukiwaambia wapange tofali mia tatu sitini kwa safu sawa wanatoa simu mfukoni. Mie natazama tu. Mia tatu sitini ni namba mpole, imelelewa vizuri: ukitaka safu mbili inakupa, tatu inakupa, nne, tano, sita, nane, tisa, kumi, kumi na mbili, yote inakupa na shukrani juu.

Sasa, kwa kukaa na namba miaka yote hiyo nikajitungia imani yangu, na imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa naamini namba ndogo zina ukaidi wa kitoto. Saba haikubali kupangwa safu sawa. Kumi na moja haikubali. Kumi na tatu ndiyo kabisa, usiisogelee. Lakini namba ikishavuka elfu, nilikuwa nasema, imeshakuwa mtu mzima. Ina tumbo. Ndani ya tumbo hilo lazima iwemo mbili, au tatu, au kumi na saba, lazima kiwemo kitu cha kuishikia. Kubwa yote ile ikose mpini? Haiwezekani. Niliyasema haya kwa sauti, mara nyingi, mbele za watu, kama mtu aliyeziumba namba mwenyewe.

Aliyekuwa ananisikiliza kuliko wote ni mtani wangu.

Mtani wangu ni Mnyamwezi, mie Mzaramo, na anayejua utani wa makabila yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa asiyejua: yeye anaruhusiwa kunitukana kwenye msiba wangu mwenyewe, na mie naruhusiwa kumvua kofia kwenye harusi ya mwanawe, na hakuna wa kununa. Ni fundi baiskeli. Kibanda chake na uwanja wangu wa tofali vinatazamana, katikati upo mtaro wa maji machafu, na juu ya mtaro lipo benchi la muuza kahawa, ambalo ndilo mahakama ya mtaa.

Kesi yetu kubwa, mie na yeye, ni moja: nani mkubwa. Hakuna ajuaye. Mama yangu aliniambia nilizaliwa mwaka wa nzige. Yeye kwao wanasema alizaliwa mwaka wa njaa. Sie tunasema nzige ndio walioleta njaa, kwa hiyo mie nimetangulia. Yeye anasema njaa hiyo ilikuwa nyingine, ya kabla, na nzige walikuta watu wameshakonda. Tulipokwenda kuandikishwa vitambulisho karani aliniuliza mwaka, nikamtajia uliokuja mdomoni. Kutoka nje namwona mtani, namuuliza umesema mwaka gani, kumbe kataja uleule.

Basi miaka yote hiyo hatujaamkiana. Shikamoo anaitoa mdogo, na hapa hakuna mdogo. Asubuhi nikifungua geti namwambia, "We kijana, umeamka?" Naye anajibu, "Nimeamka kabla baba yako hajaoa." Hiyo ndiyo salamu yetu, na mtaa mzima umeizoea kama jogoo.

Ikaja oda ya wanakamati wa msikiti mmoja wa Ukonga. Walitaka pevingi, vile vitofali vya saruji vya kutandaza uani, kumi elfu. Nikafyatua kumi elfu. Siku ya mwisho zege likabaki kidogo kwenye toroli, nami zege silimwagi, nikalifyatua likatoa vitofali saba zaidi. Nikawapigia simu wanakamati: mzigo wenu uko tayari, kumi elfu, na nyongeza saba juu kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Wakafurahi, wakaniombea dua kwenye simu palepale. Nyongeza ikishatamkwa hairudishwi. Huo ni utaratibu wangu tangu nianze kazi, na ukishaombewa dua ndiyo umefungwa kabisa.

Nikapanga. Kumi elfu ni namba tamu, safu mia, kila safu mia, mraba kama meza. Nikarudi nyuma kuutazama uzuri wangu. Pembeni, chini ya ukuta, vile saba vimekaa.

"Mzaramo!" Sauti hiyo ilitoka ng'ambo ya mtaro. "Leo mzigo wako una mkia."

"Mkia gani?"

"Ule pale. Saba. Kama nyani kageuka."

Watu wa benchi wakacheka. Kahawa ikamwagika.

"Ile ni nyongeza," nikamwambia. "Bado sijaiingiza ndani."

"Utaiingizaje? Safu mia zimeshajaa. Utamkalisha nani mapajani mwa nani?"

"Nitapanga upya. Mpaka Jumamosi lori linakuja, mzigo wote huu utakuwa safu sawa, na hivyo saba vimo ndani, huvijui hata viko wapi."

"Na namba ikikataa?"

Hapo ndipo nilipovimba. "Namba ikatae? Kumi elfu na saba? Namba kubwa kiasi hicho ikose pa kugawanyika? Wewe endelea kuziba pancha, mambo ya namba niachie mwenyewe."

"Mie nauliza tu. Ikikataa?"

"Ikikataa," nikasema, na hata sasa nikikumbuka najishika kichwa, "nakupa shikamoo. Kila asubuhi, mwezi mzima, mbele ya watu, kwa sauti."

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

"Na ikikubali," akasema mtani taratibu, "shikamoo nakupa mie, mwezi mzima, nimevua na kofia."

Tukapeana mikono juu ya mtaro, huku tunashikiliwa viuno tusidumbukie. Mtani si mjinga, akaweka masharti palepale. Usivunje hata kimoja. Usiongeze hata kimoja. Usiniletee safu moja ndefu kutoka hapa mpaka Ukonga ukasema ndiyo safu sawa. Wala usiniletee safu kumi elfu na saba za kitofali kimoja kimoja. Safu mbili au zaidi, kila safu mbili au zaidi, zote sawa. Nikasema sawa, sawa, sawa, kama mtu anayetia saini bila kusoma. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilianza kwa jeuri. Sikutaka karatasi. Mbili sikuijaribu, mwisho wa namba ni saba, saba haina mwenza. Tano na kumi hazimo kwa sababu hiyohiyo. Na kama haikukubali safu mbili, haitakubali nne wala sita wala nane, hilo nililijua bila mwalimu, maana safu nne ni safu mbili zilizokatwa katikati. Tatu ikaacha viwili. Saba ikaacha vinne. Nikajiambia hizi ni namba za kitoto, twende kwenye namba zenye ndevu. Roho yangu ikanituma ishirini na tatu. Usiniulize kwa nini. Ishirini na tatu niliiona ina sura ya kukubali.

Nikawaamrisha vibarua wangu wawili, watu wazima wenye wake zao, waupange mzigo wote safu ishirini na tatu. Walinitazama. Mmoja akasema, "Mzee, si upige kwanza hesabu?" Nikamwambia hesabu ndiyo hii, beba. Walibeba toka asubuhi mpaka wakati wa alasiri. Kila safu ikafika vitofali mia nne thelathini na tano, safu zote ishirini na tatu sawasawa, zimenyooka mpaka unatamani kulia.

Vikabaki viwili.

Viwili! Katika kumi elfu! Nilivizunguka vile vitofali viwili kama mtu aliyekuta wageni wasioalikwa sebuleni. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Baba watoto, vikalie."

"Nini?"

"Vikalie hivyo viwili. Kimoja tako hili, kingine tako lile. Nani ataviona?"

Ng'ambo ya mtaro mtani alikuwa juu ya stuli anachungulia. "Mwambie akae mpaka Jumamosi, shemeji! Mie nitamletea chakula!"

Jumatano nikaacha kubebesha watu, wale vibarua wangenikimbia. Nikachukua chaki nikaingia kwenye stoo ya saruji, nikaanza kuandika ukutani. Mie nagawanya kwa njia yangu, natoa mafungu makubwa kwanza, halafu madogo, mpaka kinachobaki hakitoshi fungu. Ni njia ndefu, lakini haijawahi kunidanganya. Kumi na moja, vikabaki vinane. Kumi na tatu, kumi. Kumi na saba, kumi na moja. Kumi na tisa, kumi na tatu. Ishirini na tisa nikaiandika upya mara mbili: vikabaki viwili, walewale wageni. Arobaini na moja, vitatu. Sitini na moja, vitatu. Namba ile ilikuwa inanisogeza karibu kisha inanifungia mlango, kama mtu anayekuita kula halafu anakwambia tumeshakosha vyombo.

Mke wangu aliniletea uji akaona ukuta. "Huyu ni nani unayemwandikia barua?"

"Nagawanya."

"Umefika wapi?"

"Sabini na tatu. Vimebaki sita."

"Na mwisho ni wapi?"

Swali la kijinga, nikamwambia. Lakini alipotoka nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikawaza, kwa sababu lilikuwa swali hasa. Mwisho ni wapi? Nitagawanya mpaka mia? Mpaka elfu tano? Ukuta utatosha? Sikujua. Mtu asiyejua mwisho wa kazi yake ni kama anachota bahari, lakini ndiyo hivyo, shikamoo ilikuwa mbele yangu, nikaendelea. Nikavuka mia. Mia na moja, mia na tatu, mia na saba. Alhamisi mchana nilikuwa mia na thelathini na saba, mikono yote nyeupe kama mpaka chokaa, nikapata jibu: vimebaki sita.

Wakati huohuo akaingia mjukuu wa mtani wangu. Binti huyo anasoma hesabu chuo kikuu, anakaa hosteli za Mabibo, na akija kumwona babu yake hupita kwangu kwanza kwa sababu mke wangu anampikia. Akasimama mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umetumwa kunipeleleza?"

"Nimekuja kula, babu. Lakini nimesikia." Akautazama ukuta toka juu mpaka chini, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaona mabega yanacheka.

"Sema."

"Babu kanikataza nisiseme."

"Babu yako mie sijamkubali kama babu wa mtu. Sema."

"Sisemi jibu. Lakini nakuuliza, hiyo mia na thelathini na saba imebakiza ngapi?"

"Sita."

"Na nani mwingine alibakiza sita?"

Nikapanda kwa macho kwenye ukuta. Sabini na tatu. Sabini na tatu nayo ilibakiza sita. Nikaona ni bahati tu. Nikatazama mia na tatu: imebakiza kumi na sita. Nikamtafuta mwenzake nikampata, tisini na saba, kumi na sita. Nikasimama. Nikatoka nje nikaenda kwenye rundo, nikalitazama kutoka upande wa geti. Safu ishirini na tatu, kila moja mia nne thelathini na tano. Halafu nikazunguka nikaenda kusimama upande wa choo, nikalitazama kutokea kule. Safu mia nne thelathini na tano, kila moja ishirini na tatu.

Rundo ni lilelile. Nimehama mie tu.

Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Nimepanga tofali maisha yangu yote na sikuwahi kwenda kusimama upande wa choo. Ukipanga safu nyingi zaidi ya mia, basi kila safu haifiki mia, na ukizunguka upande wa pili unaliona rundo ulilokwisha kulijaribu jana. Mia mara mia ni kumi elfu. Kwa hiyo ukifika mia umemaliza. Huko mbele ni safu zilezile zinageuka kukutazama.

Nikarudi stoo polepole. Nikakagua kila namba ukutani, mbili mpaka mia, zile ngumu zote, na hakuna hata moja iliyofuta mabaki.

"Mwisho ni mia," nikamwambia.

"Ndiyo babu. Ile ishu iliisha jana saa ngapi sijui."

"Na hakuna."

"Hakuna."

"Kumi elfu na saba haina mpini kabisa."

"Haina. Darasani tunaziita namba tasa."

Nikamwambia jina hilo limetolewa na watu wasioijua. Tasa ni neno la kusikitikia. Hii haisikitishi, hii inakataa kwa kupenda. Mie ningeiita namba jeuri. Akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji na sketi yake nyeusi. Halafu nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma kuliko hata shikamoo: namba jeuri kama hizi, zikizidi kuwa kubwa, si zinaisha? Mbele huko, kwenye malaki na mamilioni, si zinalainika?

"Zinapungua kidogo, babu, zinaachana mbali. Lakini haziishi. Uende mbali utakavyo, kuna nyingine mbele yake."

"Kubwa kuliko hii?"

"Kubwa mpaka ukuta huu hautoshi kuiandika."

"Na haigawanyiki?"

"Haigawanyiki."

Kwa hiyo kukua hakuzilainishi. Miaka yote nimewatangazia watu uongo kwenye benchi la kahawa, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna aliyekwenda kusimama upande wa choo.

Ijumaa ilikuwa siku ya shetani. Binti, kabla hajarudi Mabibo, aliniambia jambo ambalo bora asingeniambia: ukiongeza kimoja tu, ikawa kumi elfu na nane, inapangika safu sabini na mbili, kila safu mia na thelathini na tisa, safi kabisa, na njia nyingine nyingi. Kimoja tu! Na ukipunguza kimoja, inakubali safu mbili, kila safu elfu tano na tatu. Hizo zingetoka uwanjani kwangu zikapita sokoni zikaenda kugonga mlango wa mtu asiyehusika, lakini ni safu sawa. Yaani jirani wa kulia mpole, jirani wa kushoto mpole, katikati kakaa huyu.

Nilikuwa na kalibu ya kufyatulia. Nilikuwa na saruji. Kitofali kimoja nakifyatua kabla chai haijapoa. Nikasimama na kalibu mkononi. Mke wangu akanitazama toka jikoni.

"Utakifyatua?"

"Kufika kesho hakitakuwa kimekauka."

"Kwa hiyo kingekauka ungekifyatua?"

Akasema yeye anavitaka vile saba kwa ajili ya kuwekea beseni la kufulia, avichukue kimyakimya, ibaki kumi elfu tamu, nani atahesabu. Nikamwambia vimeshaombewa dua. Akasema hata beseni ni usafi, na usafi ni ibada. Mwanamke huyu angekuwa wakili mkubwa sana. Lakini niliweka kalibu chini. Nimejenga jina langu kwa kitu kimoja, kwamba ukihesabu mzigo wangu unakuta nilichosema. Siwezi kumdanganya mteja wa Ukonga kwa vitofali saba, na siwezi kumdanganya hata Mnyamwezi kwa kitofali kimoja, ingawa kwa Mnyamwezi nilifikiria sana.

Jumamosi lori likaja saa nne asubuhi. Wanakamati wakahesabu, wakakuta kumi elfu na saba, wakashukuru, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mkia. Lakini mtaa ulikuwa umejaa. Watu walikuja toka mitaa mitatu. Benchi la kahawa lilibeba watu tisa likaanza kulia. Na mtani wangu akatokea amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi ameshika bakora, kaazima sijui kwa nani, anaegemea kama mtu aliyeona miaka mia na ishirini. Jana yake tu alikuwa anaendesha baiskeli ameachia mikono.

"Kijana wangu," akasema, na sauti kaizeesha, "habari ya safu?"

Nikasimama mbele ya watu. Nikasema: "Nimejaribu zote mpaka mia. Mbele ya mia hakuna kipya. Namba imekataa. Sikushindwa na Mnyamwezi, nimeshindwa na namba, na kwanza namwamkia aliyenishinda." Nikaligeukia lori lililojaa vitofali. Nikainama kidogo. "Shikamoo."

Watu wakapiga makelele. Dereva wa lori akadhani nimemwamkia yeye, akaitikia, "Marahaba mzee," akaona aibu.

Halafu nikamgeukia mtani. Lilikuwa neno zito.

"Shikamoo," nikasema.

"Sijasikia."

"Shikamoo!"

Alifumba macho. Alivuta pumzi mpaka kanzu ikapanda magotini. "Ma-ra-ha-baaa," akasema, na nadhani walimsikia Kunduchi.

Wiki ya kwanza ilikuwa jela. Kila asubuhi anatoa stuli nje mapema, anakaa, ananisubiri nifungue geti. Shikamoo. Marahaba. Benchi linapiga makofi. Nikawa napoteza hamu ya chai.

Wiki ya pili kukaanza kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Watu waliniona mie, mwenye mvi zangu zote, nikitoa shikamoo kila siku kwa yule pale. Vichwani mwao wakapiga hesabu: kama huyu mzee anamwamkia yule, yule ana miaka mingapi? Wakaanza kumshika kiwiko anapovuka mtaro. Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya nne akaruka kama kaguswa na moto. Wateja wakaacha kumpelekea baiskeli nzito, wakasema tusimchoshe babu. Kwenye harusi ya jirani walimtoa kwenye jamvi la pilau wakampeleka kiti cha mbele cha wazee, wakampa uji na bakuli la mchuzi usio na nyama, kwa ajili ya meno. Meno anayo yote! Mie, kwa kuwa ni kijana, niliachwa kwenye sinia la vijana, nikala mpaka nikalegeza mkanda, na wakaniinua nicheze.

Mjukuu wake mwenyewe alikuja toka Mabibo akamwambia, "Babu, labda uache hiyo baiskeli, kwa umri wako."

Kesho yake alinifuata getini bila bakora. "Mzaramo, mwezi unatosha. Acha."

"Zimebaki siku tisa," nikasema. "Shikamoo."

"Nimekusamehe siku tisa."

"Mie si mtu wa kubakiza. Shikamoo babu."

"Usiniite babu!"

"Marahaba hujaitikia, mzee wangu. Au masikio yameanza?"

Mwezi ukaisha, nami sikuacha. Hakuna sharti lililosema lazima niache. Nimegundua kwamba kuwa mdogo ni raha: sibebeshwi kesi za watu, sipewi uji, na nikikosea wanasema ni ujana. Mtani naye kashtuka, kaanza vita. Sasa anaamka kabla ya adhana, anajibanza nyuma ya nguzo ya umeme, nikitokeza pua getini ananirushia yeye shikamoo kwanza, ili niitikie, ili uzee urudi kwangu. Mie namwahi. Asubuhi moja tulitamka pamoja, shikamoo juu ya shikamoo, hakuna aliyeitikia, muuza kahawa akasema hiyo ngoma droo.

Leo kanikuta nasafisha meno, povu limejaa mdomoni, siwezi kutamka kitu. Kaniambia, "Shikamoo kaka mkubwa," polepole, mbele ya benchi zima. Nikatikisa kichwa kumkatalia. Yeye anasema nilitikisa kuitikia, na ametafuta mashahidi wanne. Sikubali. Kesho namsubiri mie nyuma ya nguzo, na mswaki nitautumia baadaye.